Bawaba, Vumbi na Vipuri: Ufundi wa Bodi za Magari kati ya Lukafu na Lubumbashi

Lukafu, iliyoko kaskazini ya Lubumbashi katika bonde la Lufira, chini ya miinuko ya Kundelungu, ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20 mojawapo ya vituo vya utawala vya Comité Spécial du Katanga, yaani Kamati Maalumu ya Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900 na Dola Huru ya Kongo pamoja na Kampuni ya Katanga ili kuitawala nchi hiyo na kuchuma mali yake kwa ubia. Mizigo ya kituo ilifika vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa mbung'o, nzi wanaoambukiza mifugo na watu ugonjwa wa malale, walizuia matumizi ya ng'ombe wa kukokota katika sehemu kubwa ya mabonde ya kusini mwa Katanga. Reli iliyotoka Rhodesia ilipofika mwaka 1910 mahali palipopewa jina la Elisabethville, ambao ndio mji wa Lubumbashi wa leo, uzito wote wa utawala na biashara ulihamia huko, na Lukafu ikabaki kuwa kituo cha mashambani ambacho kwa mji ule kilikuwa na maana moja kubwa, nayo ni kwamba kilikuwa upande wa barabara mbovu.

Upande huo ndio unaoeleza mengi kuhusu ufundi unaozungumziwa hapa, yaani ufundi wa kunyoosha na kurekebisha bodi za magari, ambao mafundi wake huitwa matolie katika Kiswahili cha Lubumbashi na mafundi bodi katika miji ya Kenya na Tanzania. Eneo la Kasenga, ambalo Lukafu ni sehemu yake, lina mto Luapula na samaki wake, na tangu miaka ya 1920 wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walinunua samaki hao kwa wavuvi, wakawahifadhi kwa barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Elisabethville, safari ya takriban kilomita 200, ambako kampuni ya madini ya Union Minière ilihitaji kitoweo cha posho ya wafanyakazi wake. Malori hayo hayakuwa na buti wala bawaba za kuhangaikia, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na sanduku la mbao ambalo seremala yeyote angeweza kulitengeneza upya. Hata hivyo ndiyo yaliyowafundisha watu wa njia hiyo kwamba barabara ya udongo mwekundu, ambayo kiangazi hujikunja kuwa mawimbi madogo ya kutikisa na masika hugeuka tope, haivunji gari kwa pigo moja bali hulilegeza kidogo kidogo penye kila msumari, kila bolti na kila mshono wa kuchomelea.

Magari madogo yalikuwa jambo la mjini, tena la Wazungu. Ubelgiji yenyewe, iliyoitawala Kongo wakati huo, ilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari ya Kimarekani mjini Antwerp, cha Ford kuanzia mwaka 1922 na cha General Motors miaka michache baadaye, na reli ya Benguela ilipounganishwa na reli za Katanga mwaka 1931, njia ya moja kwa moja ilipatikana kutoka bandari ya Lobito, Angola, hadi katikati ya eneo la madini. Kwa hiyo gari lililogongwa nyuma mjini Elisabethville katika miaka ya 1950 halikuhitaji ustadi mkubwa wa nyundo, kwa sababu mwenye gereji aliagiza kifuniko kipya cha buti, kikaja kwa meli na treni, kikafungwa na kupakwa rangi. Kazi ya mikono ya kufungua, kusugua kwa msasa na kusafisha ilifanywa na wasaidizi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye risiti wala kwenye vibao vya gereji. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, iitwayo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, inaonyesha jinsi watu hao waliokuwa nyuma ya pazia walivyoyajua mambo ya mabwana zao kuliko mabwana walivyodhani, na hakuna sababu ya kufikiri kwamba ndani ya gereji mambo yalikuwa tofauti.

Ujuzi rasmi ulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulikuwa shule za Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville mwaka 1911 na kuanza mapema kufundisha useremala, uhunzi na baadaye ufundi mitambo, kazi ambayo imeendelea hadi leo katika taasisi kama Salama na Cité des Jeunes. Wa pili ulikuwa karakana za Union Minière na za reli, ambako kijana aliyeingia kama mshika taa angeweza, baada ya miaka kadhaa, kuwa mchomeleaji, mtu wa mashine ya kukerezea, au fundi wa mabati. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilifuata siasa ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na familia zao karibu na migodi badala ya kuwaleta kwa mikataba mifupi, na jambo hilo, ambalo wanahistoria wamelijadili zaidi kwa upande wa ndoa, watoto na nidhamu, lilikuwa na tokeo lingine lililojadiliwa kidogo mno: ufundi ulipata muda wa kurithishwa kutoka baba kwenda kwa mwana ndani ya mtaa mmoja, kwa Kiswahili, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya kazi.

Kuna kishawishi cha kuuvuta uzi huo nyuma zaidi, hadi kwa wayeyushaji wa shaba wa Katanga ambao Wazungu waliwaita walaji wa shaba, waliochimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakaliyeyusha katika tanuri za udongo na kumimina misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika eneo kubwa la Afrika ya kati. Au hadi kwa Wayeke wa Msiri, waliotoka Usumbwa katika Tanzania ya leo na kusifika kwa kuvuta shaba hadi ikawa nyaya nyembamba za kutengenezea bangili. Ni uzi unaopendeza, na wauzaji wa vinyago vya shaba iliyofuliwa mjini Lubumbashi wana haki ya kujitafutia nasaba hiyo. Lakini haumfikii fundi bodi. Kuyeyusha na kumimina si kazi moja na kunyoosha bati lililokwisha kutengenezwa kiwandani kwa unene usiozidi milimita moja, na uyeyushaji wa kienyeji wenyewe ulikoma mwanzoni mwa ukoloni, kizazi kizima kabla magari madogo hayajawa ya kawaida mjini. Fundi bodi wa Lubumbashi ni mtoto wa karakana ya kampuni na wa shule ya misheni, na kilichomfanya awe hodari kuliko waliomfundisha ni kukosekana kwa vipuri.

Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa kutazama kwa karibu sehemu moja ya gari ambayo haihusiani kabisa na kuendesha, yaani kifuniko cha buti, au cha koferi kama wanavyosema Wakongo. Kusema kwamba kifuniko kimelegea ni kusema mambo mawili tofauti ambayo mwenye gari huyachanganya na fundi hana budi kuyatenganisha. La kwanza ni kifuniko kisichobaki juu kinapofunguliwa, kikamwangukia mtu kichwani wakati anapakua unga. La pili ni kifuniko kinacholala vibaya kinapofungwa, kona moja ikiwa chini kuliko nyingine, au ukingo wa mbele ukiwa umezama chini ya bodi, hata pengo la upande mmoja likatosha kuingiza kidole na la upande wa pili lisipitishe hata karatasi. Kosa la kwanza ni la nguvu inayoinua, na la pili ni la umbo.

Nguvu inayoinua, katika magari mengi yenye buti iliyojitenga, hutoka kwenye fimbo za msokoto. Fimbo mbili nyembamba za chuma cha pua hupishana kutoka ubavu mmoja wa buti hadi wa pili, chini ya kioo cha nyuma. Ncha moja ya kila fimbo hukaa katika pengo la kibao chenye meno kilichofungwa kwenye bodi, na ncha ya pili husukuma mkono wa bawaba wa upande mwingine. Kifuniko kikifungwa, fimbo husokotwa kama nguo inayokamuliwa, na kikifunguliwa hujikunjua na kukisukuma juu. Baada ya miaka mingi ya kusokotwa mchana kutwa na usiku kucha, kwa kuwa gari hukaa na buti iliyofungwa kwa muda mrefu kuliko iliyofunguliwa, chuma hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kurudi, na tiba ya kwanza ni kuihamisha ncha ya fimbo kutoka pengo ililomo hadi pengo linalofuata, ili msokoto uongezeke. Kazi hiyo huonekana ndogo lakini imekwisha kuvunja vidole vya wengi, na kwa hiyo fundi mzoefu hukiinua kifuniko hadi mwisho wake, mahali ambapo msokoto ni mdogo kuliko pote, humweka msaidizi akishike, huivika ncha ya fimbo bomba refu la kupata wenzo, na hageuzi uso wake kuelekea upande ambao fimbo itarukia ikimponyoka. Mapengo yakiisha, hutafutwa fimbo nyingine katika gari lililovunjwa. Kuipasha moto fimbo ya zamani ili kuikunja upya ni kosa la wanaojifunza, kwa sababu moto huo huo unaoilainisha ndio unaoiondolea nguvu.

Umbo ni shughuli ndefu zaidi, na hapo ndipo vumbi la njia ya Lukafu linapokuwa shahidi. Gari linapokwenda kwa kasi huacha nyuma yake nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa, ambayo huvuta vumbi kuelekea mkia wa gari na kulipenyeza ndani kupitia ufa wowote. Fundi akifungua buti ya gari lililotoka mashambani, kabla ya kulifuta, huona michirizi myekundu ndani ya ukingo, mipana penye pengo kubwa na kufifia penye raba nzima, na michirizi hiyo humwambia mahali palipolegea kuliko maneno ya mwenye gari. Penye shaka hupaka chaki juu ya raba inayozunguka mlango wa buti, hufunga kifuniko polepole, hufungua, kisha hutazama ni wapi chaki imehamia kwenye bati na ni wapi haikugusa. Baada ya hapo kuna utaratibu ambao wanafunzi huuvunja kila mara: bawaba kwanza, raba baadaye, komeo mwisho. Bolti za bawaba hukaa katika matundu marefu yanayoruhusu kifuniko kusogezwa mbele, nyuma na pembeni, na washa chache zikiwekwa chini ya bawaba hukiinua upande uliozama. Anayeanza na komeo, kwa sababu ndilo linaloonekana kukataa kufunga, hukilazimisha kifuniko kilichopinda kushika mahali pasipo pake, na baada ya mwezi mmoja wa barabara ya mawimbi chuma huanza kupasuka kuzunguka bolti.

Kupasuka huko ndiko ugonjwa wa kweli wa magari ya Katanga. Buti ya gari dogo, kwa familia nyingi za Lubumbashi, haikuwa mahali pa kuwekea sanduku la safari tu bali ni ghala lenye magurudumu, ambamo magunia ya makala (yaani mkaa), mahindi na samaki wakavu yalisafirishwa kutoka vijijini, na gunia lililozidi kimo lilifanya kifuniko kifungwe kwa kamba kikiwa wazi nusu. Katika hali hiyo kila tuta hukirusha kifuniko juu na kamba hukirudisha chini kwa nguvu, mikono ya bawaba hupinda, na bati jembamba la ndani linaloshika bawaba huchoka na kuchanika. Kulitibu kunahitaji kuondoa kutu, kukata kipande kilichooza, kuchomelea kiraka kwa moto wa gesi, ambayo mitaani hupatikana kwa kutia maji kwenye mawe ya kabaidi, kisha kunyoosha. Nyundo hupiga juu na kipande kizito cha chuma, ambacho hushikwa kwa mkono wa pili chini ya bati, hupokea pigo. Nyundo ikipiga palepale kilipo kipande hicho, bati hutanuka, na ikipiga pembeni yake, bonde huinuka pasipo bati kuongezeka. Bati lililokwisha kutanuka na kuwa na tumbo hurudishwa kwa kupashwa moto nukta moja ndogo hadi iwe nyekundu, kugongwa mara chache na kupozwa kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa chuma kinachopoa haraka hujikunyata. Fundi mzuri husikia kwa sauti kama bati limekaa, na hakuna shule iliyowahi kuiandika sauti hiyo ubaoni.

Zamani mabonde madogo yaliyosalia yalijazwa kwa aloi ya risasi na stani, na Katanga haikuwa na uhaba wa stani, maana mgodi wa Manono ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya madini hayo barani Afrika; lakini tangu plastiki ya poliesta ilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, mastiki, yaani uji unaogandishwa kwa dawa kisha kusuguliwa, ilichukua nafasi yake. Mastiki ikipakwa nyembamba juu ya bati lililonyooshwa ni kazi halali. Ikipakwa nene juu ya bati ambalo halikunyooshwa ni funika kombe mwanaharamu apite, na mtikisiko wa barabara huibandua kabla ya masika kwisha. Wanunuzi wa magari makuukuu hutembea na sumaku ndogo mfukoni kwa sababu hiyo, kwa kuwa sumaku haishiki penye mastiki nene.

Ustadi huo wote ungebaki kuwa mali ya wachache kama njia za vipuri zisingekatika moja baada ya nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alitangaza hatua zilizoitwa kuzairisha uchumi, ambazo ziliwanyang'anya wageni maduka, mashamba na biashara nyingi, na katika Lubumbashi, mji uliokuwa na Wagiriki, Waitalia, Wareno na Wayahudi wenye asili ya Rhodes, zilimaanisha kwamba biashara zilizozoea kuagiza bidhaa kutoka Ulaya ziliingia mikononi mwa watu wengi wasiokuwa na mikopo wala wakala ng'ambo. Bei ya shaba ilianguka miezi michache baadaye, mwaka 1974, na fedha za kigeni zikaadimika. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela kwa usafiri wa kimataifa, na bidhaa za kwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, zililazimika kuzunguka kupitia mito na reli za ndani au kupitia Zambia na nchi za kusini. Hatua za 1973 zilirekebishwa baadaye na baadhi ya wenye mali waliruhusiwa kurudi, lakini mtandao uliokwisha kukatika haukurudi kwa amri. Kwa mwenye Peugeot 404, gari lililotengenezwa Ufaransa kati ya mwaka 1960 na 1975, kifuniko kipya cha buti kilikuwa kimekwisha kuwa ndoto, na kile cha zamani kikawa kitu cha kunyooshwa kwa mara ya tatu na ya nne.

Ni kosa, kwa hiyo, kuyasimulia magari makongwe ya Katanga kama mapenzi ya ukale, jinsi wanavyosimulia wapenzi wa magari ya kale huko Ulaya na Marekani, ambao hulitoa gari Jumapili na kuagiza kila bolti katika orodha ya kiwanda. Mtaani Katuba au Kenya, mitaa miwili ya wafanyakazi mjini Lubumbashi, gari la miaka 30 liliendelea kutembea kwa sababu mwenyewe hakuwa na lingine. Kwa hesabu ya kawaida ya uchumi lilikuwa limekwisha thamani. Kwa hesabu ya nyumba lilikuwa mtaji.

Pigo lililofuata lilikuwa la kampuni yenyewe. Gécamines, iliyochukua mahali pa Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka, mwaka 1991 maduka na maghala ya Lubumbashi yaliporwa, mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa mafundi na makarani wa kampuni, walifukuzwa Katanga, na uzalishaji ukashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi mingi. Hatimaye, mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi kwa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye ameandika kwa kina kuhusu watoto wa kampuni hiyo waliojikuta wameachwa na baba yao, ameeleza gharama ya jambo hilo kwa familia. Kwa upande wa ufundi tokeo lilikuwa la pande mbili: wachomeleaji na mafundi wa mabati waliokuwa wamefungiwa ndani ya kuta za karakana walitoka na ujuzi wao hadi chini ya miembe na kando ya barabara, na wakati huo huo wateja wao, ambao ni majirani waliokosa mshahara kama wao, hawakuwa na fedha za kuwalipa. Ibara ya 15, ile sheria isiyoandikwa ambayo Wakongo huitaja kwa kejeli wakimaanisha kwamba kila mtu ajitafutie, ilipata katika gereji hizo za wazi mfano wake bora.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Nairobi iliwapa mafundi wa namna hiyo jina la jua kali, na ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliofika Kenya mwaka 1972 ndio uliolieneza ulimwenguni wazo la sekta isiyo rasmi, ambalo liliwafanya wachumi waanze kuwatambua watu ambao awali waliwahesabu kama wasio na kazi. Lakini Kenya haikukatiwa vipuri kwa namna hiyo. Peugeot 504, ambayo utengenezaji wake ulikoma Ulaya mapema miaka ya 1980, iliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hadi mwanzoni mwa karne hii, na magari ya jamaa hiyo yalijijengea jina katika mashindano ya Safari Rally, ambayo 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978. Fundi wa Gikomba, mjini Nairobi, aliweza kuchagua kati ya kununua na kunyoosha. Ulinganisho wa karibu zaidi na Lubumbashi ni Suame Magazine mjini Kumasi, Ghana, ambako maelfu ya mafundi walijifunza kuyajenga upya magari makuukuu katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni.

Tangu miaka ya 2000 mambo yamegeuka tena. Magari ya mitumba kutoka Japani, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuingia kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, yamejaa Lubumbashi yakiwa na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilikuja na fimbo za msokoto, na mafundi wakazitibu kwa ujuzi ule ule waliojifunzia kwenye Peugeot, bila kuhitaji mwalimu. Magari yenye mlango mzima wa nyuma ni habari nyingine. Mlango huo hubeba kioo, waipa na wakati mwingine gurudumu la akiba, na huinuliwa na shokapu mbili za gesi, yaani mirija iliyofungwa kabisa yenye naitrojeni iliyoshindiliwa ndani yake na fimbo inayoteleza katika mpira wa kuzuia gesi isitoke. Mpira huo ukichakaa gesi huvuja polepole, na kwa kuwa mgandamizo wa gesi hupungua kwenye baridi, shokapu iliyodhoofika huinua mlango vizuri adhuhuri na kuushindwa asubuhi za Juni na Julai, ambazo kwenye mji huu ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari huwa na baridi kali.

Shokapu ya namna hiyo haina meno ya kusogeza wala ncha ya kuvika bomba. Ikifa hutupwa, na wengi hutegemeza mlango kwa kipande cha mti hadi fedha ipatikane. Hapo nguvu imehama kutoka kwa mwenye nyundo hadi kwa muuza vipuri sokoni, ambaye huuza shokapu moja moja kwa sababu mteja ana fedha ya moja tu, ingawa upande mmoja wenye nguvu mpya na mwingine uliochoka huuvuta mlango mshazari kila unapofunguliwa, hadi bawaba ya juu ianze kupinda na raba iache pengo. Fundi bodi huitwa wakati huo, baada ya mwaka mmoja au miwili, mlango ukiwa umekwisha kulala upande na vumbi limekwisha kuingia ndani.